Tunausubiri udongo: shajara ya kalenda ya bustani, Kaunti ya Benton, Iowa, Marekani

Februari 24

Nimeanza. Daftari ni la shule, la mistari, na ukurasa wa kwanza nimechora jedwali la miezi 12. Kazi yenyewe ni kalenda ya misimu kwa Kiswahili, kwa ajili ya kundi letu la bustani: familia tisa, nusu ekari ya kukodi, nje kidogo ya Atkins, mashariki mwa Kaunti ya Benton. Wenzangu wote wanakaa Cedar Rapids na huja kwa gari. Mimi peke yangu naishi huku, kwa hiyo upimaji umeniangukia.

Chanzo ni mchicha wa mwaka jana. Tulimwaga mbegu Aprili 20 kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na udongo umelowa vizuri. Aliyelelewa Kasulu, Uvira au kambini Nyarugusu hahitaji kuelezwa: mvua ikishika, jembe linatoka. Mbegu zilikaa wiki mbili kimya. Nyingine zikaoza. Chache zilizochomoza zikachomwa na baridi ya usiku mmoja wa Mei. Mama wa Uvira, ambaye ndiye mkubwa wetu shambani, akachota udongo kiganjani, akaufinya, akasema: "Mwana wangu, hii udongo iko baridi ya frigo." Tulicheka. Tulipaswa kuandika.

Jedwali langu lina safu nne: mwezi, mvua, kazi ya shamba, hatari. Mvua nimeiweka mwanzo kwa kuwa ndiyo nafikiri itaongoza mengine yote.

Machi 2

Kipimamvua kimefika. Nimejiandikisha na CoCoRaHS, mtandao wa watu wa kujitolea wanaopima mvua, mvua ya mawe na theluji majumbani kwao. Ulianza Colorado mwaka 1998, baada ya mafuriko ya Fort Collins ya 1997, pale ilipoonekana kwamba mvua inaweza kuua mtaa huu na mtaa wa pili usijue. Kifaa chenyewe ni kopo la plastiki lenye kipenyo cha inchi nne, faneli juu, na ndani mrija mwembamba. Mrija huo umepimwa ili maji yapande mara kumi ya kina chake halisi, hivyo hata manyunyu ya kulowesha kofia tu yanasomeka. Ukijaa inchi moja, yanayozidi yanamwagikia kwenye kopo kubwa, na kopo zima linabeba inchi 11.

Kusoma ni saa moja asubuhi. Kwangu imekaa vizuri, natoka zamu ya usiku saa kumi na mbili na nafika nyumbani wakati wake.

Kuchimba shimo la nguzo kumenishinda. Juu kulikuwa na tope la kina cha kidole, chini yake jembe likagonga na kulia kana kwamba nachimba sakafu. Mzee mwenye shamba akaja na mtarimbo, akanieleza kuwa huku misingi ya nyumba huchimbwa zaidi ya mita moja, maana ikiwa juu zaidi ardhi ikiganda huinyanyua. Nimeandika kwenye safu ya hatari: *ardhi inaganda*. Nikaitazama sentensi hiyo muda. Sijui bibi yangu angeisoma vipi.

Machi 12

Juzi Jumapili saa zimesogezwa mbele, na sasa saa moja asubuhi ni giza tena. Nimesoma kipimamvua kwa tochi mdomoni.

Hapa nimegundua jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Saa zetu zimejengwa juu ya jua linaloheshimu miadi. Kasulu, Januari hadi Desemba, jua linachomoza likikaribia saa moja na kuzama likikaribia saa moja. Benton ipo nyuzi 42 kaskazini ya ikweta. Mwishoni mwa Desemba jua linachomoza saa moja na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na dakika arobaini. Unatoka kulala baada ya zamu ya usiku na siku imekwisha. Mwishoni mwa Juni linachomoza saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuzama saa tatu kasorobo *usiku*. Watoto wa shemeji hawakubali kuitwa kulala, wanaonyesha dirishani: jua lile pale.

Kwenye kalenda nimeongeza safu ya tano, urefu wa mchana. Inahusu kilimo kuliko nilivyodhani. Mchana wa Juni una saa 15 na robo, na mmea unaofanya kazi saa 15 kwa siku hukimbia. Ndiyo maana watu wa huku wanaweza kuanza kupanda Mei na bado wakavuna.

Machi 29

Upepo. Siku nne. Hakuna mlima wa kuukata kutoka Canada mpaka hapa, na mashamba yote bado ni matupu. Mvua mm 6, theluji kidogo iliyokuwa maji kabla ya mchana, halafu jua, halafu theluji. Barabara za kokoto zimegeuka uji. Sina la kuongeza kuhusu Machi.

Aprili 16

Leo kalenda imegeuka juu chini.

Nilimkuta mzee amepiga goti katikati ya shamba lake la mahindi, na mwaka huu bado hajapanda hata punje. Amechomeka kipimajoto kirefu kwenye udongo, kina cha inchi nne, yaani sentimita kumi. Anasubiri kisome nyuzi 50 za kwao, ambazo ni 10 za Selsiasi, na utabiri uonyeshe joto litapanda siku zinazofuata. Mbegu ya mahindi ikiwekwa kwenye udongo wa baridi hunywa maji yale ya baridi kwanza, ikavimba, ikajeruhiwa ndani kabla ya kuota. Kumbe ndivyo ilivyokufa mbegu yetu. Nikamuuliza kuhusu mvua. Akatazama mbingu kama mtu aliyeulizwa kuhusu hewa. Mvua, akasema, ipo tu.

Na kweli ipo. Nimekaa usiku na takwimu za kaunti. Mwaka mzima hapa hupata karibu milimita 900, na Kigoma mjini haiko mbali na hapo. Tofauti ni mpangilio. Kwetu zinakusanyika kati ya Oktoba na Mei, kisha kiangazi kinafunga mlango. Huku hakuna mwezi usio na mvua au theluji; Januari ni mwembamba, Juni ndio mnene, takriban mm 125, na sehemu kubwa huja wakati mimea ipo shambani. Mvua haiamui siku ya kupanda. Inayoamua ni ardhi kuyeyuka na kupata joto, na usiku wa mwisho wa baridi ya kuua.

Nimenunua kipimajoto cha nyama, cha jikoni, dola kumi na mbili. Udongo wa bustani yetu saa moja asubuhi: nyuzi 8.

Safu ya kwanza baada ya mwezi nimeifuta. Sasa inasomeka *Udongo*. Mvua imehamia ya tatu.

Aprili 18

Nimetuma sauti kwenye kundi la WhatsApp: hakuna kupanda mchicha mpaka udongo ufike nyuzi 18. Maharage 16. Matembele yasubiri hadi mwisho wa Mei. Majibu yalikuwa mengi, na siyo yote ya heshima. Baba mmoja alisema kama tunapima joto la udongo basi tuupeleke na hospitali.

Aprili 25

King'ora kimelia saa kumi na mbili kasoro jioni. Nilikuwa bustanini na watu watano. Wingu la kusini-magharibi lilikuwa na rangi ya chupa ya bia, hewa imetulia kabisa. Simu zote zikalia pamoja. Watatu wakakimbilia kwenye gari, mmoja akasimama kupiga picha, na mama wa Uvira akaniuliza: "Wanasema nini?" Nikafungua mdomo, sikuwa na maneno.

Tulishuka kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mzee, tukakaa dakika arobaini kati ya mitungi ya achari. Hakikuja kitu Atkins. Lakini nimeahirisha mambo yote ya mimea wiki hii kwa ajili ya maneno.

Kwanza jina la kitu chenyewe. Wengi wetu husema *kimbunga*, lakini kimbunga ni kile cha baharini, kama Hidaya kilichofika pwani ya Tanzania Mei 2024: kikubwa, cha siku kadhaa, chenye jina, redio inakitangaza kabla. Huku kinachoogopwa ni bomba la upepo linaloshuka kutoka kwenye wingu la radi, pengine lenye upana wa mita mia tu, na muda wa kujiandaa unahesabiwa kwa dakika. Tulibishana jioni nzima mpaka shemeji akasema, kwani Eliya alipandishwa mbinguni na nini? *Kisulisuli.* Hakuna aliyepinga. Kila mtu, Mkatoliki kwa Mpentekoste, analiona bomba lile kichwani mwake anaposikia neno hilo.

Pili, tangazo lina ngazi mbili, na ngazi hizi ndizo zinazoua watu wasiozielewa. Ya kwanza hutolewa na kituo cha taifa cha dhoruba kilichopo Norman, Oklahoma: maana yake hali ya hewa inaruhusu kisulisuli kutokea katika eneo kubwa, saa kadhaa zijazo. Ya pili hutolewa na ofisi ya hali ya hewa inayohudumia kaunti yetu, iliyopo Davenport: maana yake kimeonekana, kwa macho au kwa rada, na kinakuja njia hii. Nilipotafsiri *watch* na *warning* za Kiingereza kwa *tahadhari* na *onyo*, nikawauliza watu kumi ipi ni mbaya zaidi. Sita walisema tahadhari. Kamusi ilikuwa sahihi, na sita kati ya kumi wangebaki juu wakisubiri.

Kwa hiyo kamusi tumeiweka pembeni. Ngazi ya kwanza inaitwa Kaa chonjo. Ya pili inaitwa Shuka chini. Jina lenyewe ni amri. Nimewauliza tena watu kumi, na hakuna aliyekosea.

Nyongeza moja: king'ora kimewekwa kwa ajili ya watu walioko nje. Ukiwa ndani umelala, kama mimi mchana, usikitegemee. Simu iwe na sauti.

Mei 5

Sakitu. Neno nimelipata kwa mchungaji wetu, alisema lipo kwenye kitabu cha Ayubu. Saa moja asubuhi nyasi zote nyeupe, zinavunjika chini ya kiatu kwa sauti ya biskuti. Kipimajoto cha nje: nyuzi 1 chini ya sifuri. Anga halikuwa na wingu hata moja na upepo ulikuwa umelala, na hapo ndipo penyewe: usiku mtulivu wenye nyota nyingi, joto la ardhi linapaa bila kitu cha kulifunika. Mawingu yangetuokoa.

Baba yule wa hospitali alikuwa amepanda mchicha wake kimyakimya Aprili 28. Amepiga simu saa tatu. Sikusema kitu, naye hakusema kitu, tukaongea kuhusu mpira.

Kalenda: *usiku wa mwisho wa sakitu, kwa kawaida mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei, usiamini kabla ya katikati ya Mei.*

Mei 21

Udongo saa moja asubuhi: nyuzi 18. Tumepanda. Watu ishirini na watatu pamoja na watoto, redio ya gari ikipiga rumba, mama wa Uvira akipita kwenye kila tuta na kijiko akitumbukiza lengalenga kama anayetia chumvi. (Mimi nasema mchicha, yeye anasema lengalenga, kalenda itabeba yote mawili, kamati imeamua.)

Mzee alikuja kutazama. Anasema babu yake hakuwa na kipimajoto, alitazama mti: majani ya mwaloni yakifikia ukubwa wa sikio la kindi, panda mahindi. Nikamwambia sisi tunatazama kumbikumbi. Akataka kujua wanahusika vipi. Nilimweleza wanavyotoka ardhini mvua za kwanza zikishuka, tunavyowakusanya kwenye beseni la maji chini ya taa, na namna ya kuwakaanga. Alisikiliza kwa makini sana mpaka pale kwenye kukaanga.

Udongo huu, nikiri, ni mweusi ajabu. Ni urithi wa nyika ya majani marefu iliyofunika nchi hii kwa maelfu ya miaka. Ya Iowa imebaki chini ya asilimia moja. Ukiulowesha unanata kama ugali wa muhogo. Chini yake mashamba mengi yana mabomba yaliyozikwa kuondoa maji, kwa sababu shida ya mkulima wa huku majira ya kuchipua ni maji kukataa kuondoka.

Juni 8

Mm 41 tangu jana. Sikuisikia, nilikuwa kazini ndani ya jengo lisilo na dirisha.

Juni 30

Jumla ya mwezi: mm 138. Siku za mvua 11, na katika hizo 8 mvua imeshuka kati ya usiku wa manane na alfajiri. Nilidhani nimekosea, nikamuuliza mzee. Akasema Juni ni hivyo, usiku ndio wa radi.

Kwetu mvua ni ya alasiri: jua linapika, wingu linapanda, saa tisa linamwaga. Huku nimejifunza kuna mto wa upepo wa usiku. Unyevu mwingi wa Iowa hutoka Ghuba ya Mexico, zaidi ya kilomita elfu moja kusini. Mchana hewa ya chini inachemka na kuuvuruga upepo huo. Jua likizama hewa ya chini inatulia, na upepo ulio mita mia chache juu yetu unaachiwa mbio, unasukuma unyevu kaskazini usiku kucha. Huko unakutana na mabaki ya radi za jioni zilizoanzia magharibi, nazo zinapata chakula kipya na kusafiri mpaka alfajiri. Mvua yetu ya saa nane usiku imelala jana yake juu ya maji ya bahari yenye joto.

Vimulimuli wamejaa juu ya maharage. Hilo halina safu.

Julai 17

Joto nyuzi 33, lakini tatizo ni jasho la mahindi, na siyo mzaha. Mahindi yanavuta maji ardhini na kuyatoa kwa majani. Ekari moja iliyokomaa inaweza kutoa lita 11,000 hadi 15,000 kwa siku. Ukizungukwa na mahindi hadi upeo wa macho, hewa inakuwa ya Dar es Salaam ya Februari, bila bahari ya kuitazama. Bila feni hulali.

Mchicha umevunwa mara tatu. Wenyeji wana msemo kwamba mahindi yafike gotini ifikapo Julai 4. Ya mzee yalikuwa juu ya kichwa changu siku hiyo. Mbegu za siku hizi hazijausikia msemo.

Agosti 10

Leo sikupima kitu, ni kavu. Naandika kwa sababu ya tarehe.

Jumatatu ya Agosti 10, 2020, nilikuwa Cedar Rapids, nimelala baada ya zamu. Saa sita na nusu mchana chumba kikawa giza, nikadhani nimelala hadi usiku. Kisha dirisha likaanza kuvuma. Siyo kutikisika, kuvuma, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Nilikaa bafuni nimekumbatia godoro. Dhoruba ya kawaida hupiga dakika tano au kumi ikapita. Hii iliendelea kwa zaidi ya nusu saa. Nilipotoka, paa la jengo la pili lilikuwa limekunjwa juu ya magari, na mti mkubwa wa uani ulikuwa umelala na mizizi yake hewani, mzunguko wa udongo mrefu kuliko mimi.

Jina lake ni derecho: mstari wa dhoruba za radi unaosukuma upepo wa moja kwa moja mbele yake. Neno ni la Kihispania, maana yake *iliyonyooka*, na aliyelitoa alikuwa papa hapa Iowa: Gustavus Hinrichs, mwanasayansi mhamiaji kutoka Ulaya, aliyeanzisha huduma ya hali ya hewa ya jimbo hili mwaka 1875. Alitaka watu waache kuita kila upepo mkali kisulisuli, maana mmoja unazunguka na mwingine unanyooka. Yaani mhamiaji kakaa Iowa akihangaika na majina ya upepo. Nimefarijika.

Dhoruba ile ilisafiri karibu kilomita 1,240 kwa saa 14, kutoka Dakota Kusini hadi Ohio. Upepo wa kasi zaidi uliopimwa kwa kifaa ulikuwa Atkins, kijiji hiki hiki: kilomita 203 kwa saa. Kwa kutazama uharibifu, wataalamu walikadiria umefika 225 kusini-magharibi mwa Cedar Rapids. Hasara ilipita dola bilioni 11. Maghala ya chuma ya mzee, anasema, yalikunjwa kama makopo ya soda na moja halijaonekana hadi leo.

Hakuna kisulisuli kilichohusika na nyumba zetu, ila familia nyingi za Kiafrika zilizokuwa kwenye majengo ya kupanga zililala nje, kwenye mahema na magari, siku nyingi, bila umeme, na sehemu nyingine za mji umeme ulikatika karibu wiki mbili. Mama wa Uvira aliishi kwenye hema la pili maishani mwake. La kwanza lilikuwa la wakimbizi. Alipolisimamisha lile la Cedar Rapids, majirani wa Kimarekani walikuja kumuuliza kamba zinafungwaje.

Kwenye kalenda, Agosti, safu ya hatari: *Upepo ulionyooka. Shuka chini, hata kama hakuna aliyetaja kisulisuli.*

Septemba 20

Mahindi yamekauka yakiwa yamesimama, mashine za kuvuna zinatembea na taa usiku. Vumbi. Hewa nyepesi, anga safi, nyuzi 22, hiki ndicho kipande cha mwaka ninachokipenda huku.

Mchana nilienda Vinton, makao makuu ya kaunti, kuuliza ofisi ya ugani kuhusu sakitu za vuli. Nikasimama kwenye daraja la mto Cedar. Ulikuwa chini, wenye rangi ya chai ya rangi, mtu anavua. Juni 2008 mto huo uliingia Vinton, kisha ukateremka Cedar Rapids na kufika futi 31.12 Juni 13. Rekodi ya kabla yake ilikuwa futi 20. Yaani waliokuwa wamejenga kwa kufuata kumbukumbu ya zaidi ya miaka mia moja walikosea kwa futi kumi na moja. Theluji nyingi ya majira yaliyotangulia, udongo uliojaa maji, halafu mvua kubwa za Juni juu yake. Nimeongeza mstari: *Juni, mto.*

Kuhusu jina la majira haya. Nilitaka kuandika *vuli*, mama wa Uvira akakataa: vuli ni mvua, hapa hakuna mvua, kuna majani kuanguka. Nikajaribu *kipupwe* kwa majira ya baridi, naye akauliza kama nimewahi kusikia kipupwe cha nyuzi 34 chini ya sifuri, maana ndicho kilichoipata Cedar Rapids Januari 31, 2019. (Elkader, kaskazini-mashariki ya hapa, ilifika 44 chini ya sifuri Februari 3, 1996.) Alikuwa na haki. Majina yetu ya majira yamefungwa kwenye mvua na pepo za kwetu, na kuyavuta huku ni kuyavua maana. Tumekubaliana kuandika tunavyosema kila siku: *ardhi imeganda, tope, kupanda, jasho la mahindi, mavuno, sakitu.* Majira sita. Mpwa wangu anayesoma hapa anasema ni manne. Nimemwambia aje shambani Machi.

Oktoba 8

Tangazo la jana mchana: usiku wa baridi ya kuua. Watu walikuja moja kwa moja kutoka kazini, wengine na sare zao, tukachuma kwa taa za magari mpaka saa nne. Magunia sita ya matembele, pilipili zote, maharage mabichi pamoja na makavu.

Saa moja asubuhi: nyuzi 2 chini ya sifuri. Matembele yaliyobaki yalikuwa yamesimama, ya kijani, mazuri. Jua lilipoyagusa yakalegea, na kufikia saa tano yalikuwa meusi yenye majimaji, kama yaliyochemshwa yakasahaulika jikoni. Nilisimama pale muda wote nikitazama. Kutoka Mei 5 hadi Oktoba 8 ni miezi mitano na siku tatu. Hiyo ndiyo nafasi yote. Sasa najua kwa nini mihogo ya baba yule wa hospitali haikuwa na kitu chini: inahitaji angalau miezi minane. Majani ya sombe alipata, mizizi asahau.

Novemba 3

Kalenda imechapishwa, nakala 30, ukurasa mmoja mbele na nyuma. Safu: Udongo, Mchana, Mvua, Kazi, Hatari. Desemba nilitaka kuacha safu ya hatari na theluji tu, halafu nikakumbuka Desemba 15, 2021, derecho na visulisuli vilipiga Iowa siku kumi kabla ya Krismasi, jambo lisilo la kawaida kabisa. Nimeandika *simu iwe na sauti* kwenye miezi yote 12.

Kosa limeonekana saa mbili baada ya kugawa. Mama wa Uvira hasomi maandishi madogo, mjukuu wake alimsomea, na kwenye Mei nilikuwa nimeandika *nyuzi 8* badala ya *18*. Nimekusanya nakala 27 na kusahihisha kwa kalamu. Tatu ziko kwenye friji za watu wasiopokea simu.

Novemba 18

Kosa langu la pili. Maelekezo yanasema baridi ikianza toa faneli na mrija wa ndani, acha kopo kubwa peke yake lidake theluji. Nilisahau. Maji yaliganda ndani ya mrija usiku, umepasuka kutoka juu hadi chini, ufa ulionyooka kama uliopigwa rula. Nimeagiza mwingine.

Novemba 22

Theluji ya kwanza ya kuhesabika. Kopo kubwa nimeliingiza ndani, nikamimina maji ya moto niliyoyapima, theluji ikayeyuka, nikatoa kiasi nilichoongeza. Kina ubaoni: sentimita 7. Maji yaliyopatikana: mm 5. Ardhi kina cha sentimita kumi: nyuzi 2.

Nimeandika, nikazima taa, nikalala. Nje kulikuwa ndiyo kwanza kunapambazuka.